Dawa ya Mheshimiwa

Maximiliana Salu aliolewa na Boniventura Mashimba mwaka wa sabini na sita, wakati Boniventura bado ni karani wa chama cha ushirika, mwenye baiskeli moja na suruali mbili. Watu waliokuja kumjua baadaye, akiwa mbunge na naibu waziri, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, walishindwa kuamini kwamba huyo ndiye aliyekuwa akipima pamba ya baba zao huku vidole vya miguu vikichungulia nje ya viatu. Maximiliana hakuwa na shida ya kuamini. Yeye ndiye aliyekuwa akivishona viatu hivyo.

Kilichompeleka kwa Boniventura kilikuwa ulimi wake. Mwanamume huyo alijua kuongea. Wakulima wakija juu kwa sababu mizani imewadhulumu, alikuwa akipanda juu ya marobota ya pamba, akaanza kwa salamu ya Kisukuma, akataja mababu zao kwa majina, akachomeka utani mmoja, na kabla jua halijasogea watu walikuwa wanacheka. Mizani ilibaki ileile.

Ulimi huohuo ndio uliomvusha mwaka wa tisini na nne, soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao. Boniventura wakati huo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya ushirika. Bodi ikakubali kinu cha kuchambulia pamba kiuzwe, na aliyekinunua hakuchambua hata kilo moja. Alifungua mashine, akazipakia, akaondoka nazo, yakabaki mabati na popo. Watu walimzomea Boniventura mnadani. Yeye akawaambia zama zimebadilika, serikali imejitoa kwenye biashara, sasa kila Msukuma atauza pamba yake kwa anayemtaka. Mwaka uliofuata wakampigia kura akawa mbunge, na miezi minane baadaye akaitwa kuwa naibu waziri.

Akahamia Dar es Salaam. Huko akapata mwanamke mwingine aitwaye Evalina, akazaa naye watoto wawili, na Bariadi nzima, mji wa jimbo lake, ilijua. Maximiliana naye alijua. Alibaki kwenye nyumba ya Bariadi kama mama mbunge, mwenye pikapu na dereva, na kila palipokuwa na mkutano alivaa kitenge kipya akakaa jukwaani upande wa kushoto wa mumewe. Yeye ndiye aliyezungumza na akina mama. Wanawake wa vijijini walimpenda kwa sababu hakuwa amesahau kukaa chini kwenye mkeka na kula nao michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Kisha ikaja njaa ya tisini na saba na mahindi ya msaada. Magunia mia mbili ya mahindi ya njano yalilala wiki mbili kwenye ghala la nyumbani kwa Maximiliana, halafu yakaondoka kwenda kusikojulikana. Magazeti ya Dar es Salaam yakaandika. Tume ikaja, mabwana watatu wenye mafaili, wakakaa sebuleni kwake, wakamuuliza kama aliona mahindi.

"Sikuona," alisema Maximiliana.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. Boniventura alijiuzulu unaibu waziri ili, kama alivyosema redioni, kulinda heshima ya serikali. Mwaka na nusu baadaye akarudishwa, wizara nyingine. Usiku wa siku ile ya tume Maximiliana alishindwa kula, lakini hakumwambia mtu sababu, na baada ya siku chache hamu ya chakula ikarudi.

Januari ya mwaka elfu mbili, pamba ikiwa imefika magotini na funza wameanza kutoboa vitumba, lori lilifika Bariadi na dawa. Ushirika ulikuwa umekufa, na dawa za madukani zilikuwa ghali, kwa hiyo wakulima wengi walikuwa wameshakaa tu wakiwatazama wadudu. Boniventura alipiga simu kutoka Dodoma.

"Mama Shukrani, nimewaletea watu wetu dawa ya pamba. Bure. Zawadi ya mbunge. Igawe wewe mwenyewe, wakuone."

Dawa ilikuwa kwenye chupa za plastiki za lita moja, nyeupe, zenye karatasi ndogo iliyochorwa ua la pamba na jina la kampuni ambayo hakuna aliyeijua. Hapakuwa na maelezo ya kupima. Kule Zagayu, kwenye kijiji alikozaliwa Maximiliana, bwana shamba alikuwa kijana mmoja mpole, jina lake Sylvester. Aliichukua chupa, akaigeuza mara mbili, akafungua kizibo na kunusa.

"Mama, hii inanuka kitunguu saumu," alisema kwa sauti ya chini. "Dawa zetu hazinuki hivi. Naomba tusubiri kidogo, nipeleke moja ikapimwe."

Maximiliana alitazama mstari wa watu. Walikuwa kama mia mbili, wamesimama juani tangu asubuhi, wanawake wamebeba watoto mgongoni. Wa tatu kwenye mstari alikuwa Luhaga, mdogo wake wa mwisho, ambaye mama yao alifariki yeye akiwa bado ananyonya na Maximiliana ndiye aliyemlea kwa maziwa ya ng'ombe. Luhaga alikuwa anacheka.

"Wadudu watasubiri?" Maximiliana alimuuliza Sylvester, na watu waliosikia wakacheka. Akaanza kugawa. Luhaga alipofika mbele alimpa chupa mbili badala ya moja.

"Dada, mwaka huu nitaezeka bati," alisema Luhaga.

Siku kumi na mbili baadaye mtu wa baiskeli alifika Bariadi akitiririka jasho, akasema Luhaga ni mgonjwa sana. Maximiliana alimwita dereva wakaondoka hapohapo. Walimkuta Luhaga amelazwa kivulini kando ya nyumba, mkewe Milembe amempakata kichwa. Alikuwa analowa jasho kama mtu aliyetolewa mtoni. Mate yalimtoka bila kukoma, misuli ya mapaja na mashavu ilicheza yenyewe, na mboni za macho zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama punje ya uwele.

"Amefanya nini?" Maximiliana aliuliza.

"Alikuwa anapuliza," alisema Milembe. "Bomba linavuja, si unalijua, lile la kuazima. Alipuliza kutoka alfajiri mpaka saa nne. Alipima vizibo viwili kama siku zote. Akarudi akasema haoni vizuri."

Walimpakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali. Maximiliana akakaa nyuma naye, akamvua shati. Lilikuwa limeganda mgongoni, na ngozi chini yake ilikuwa nyekundu kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Luhaga alikuwa bado anamtambua.

"Dada, mgongo unaniwaka," alisema.

Pumzi zake zikawa fupi, zikakoroma, zikaanza kuruka, na kabla hawajafika nusu ya njia zikakatika. Dereva alisikia kilio cha Maximiliana, akasimamisha gari katikati ya barabara, akashuka, akaenda kusimama mbali.

Boniventura alifika kesho yake mchana kutoka Dodoma. Alimkumbatia mkewe, akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa amempenda Luhaga. Baadaye akanawa uso, akafunga mlango wa chumba, akakaa kitandani karibu naye.

"Daktari ameandika sumu," alisema. "Sasa polisi wanataka maelezo ya ndugu. Sumu iliingiaje mwilini."

"Ilimwagikia mgongoni."

"Ndivyo asemavyo Milembe. Lakini walikuwa wamegombana, si kweli? Hata wewe uliniambia Krismasi, kwamba alitaka kuongeza mke."

Maximiliana alimtazama. Ilimchukua muda kuelewa anapelekwa wapi.

"Baba Shukrani, unataka niseme amejiua?"

"Sitaki useme chochote. Nakuambia hali ilivyo. Mwaka huu ni wa uchaguzi, wapo watu wanangoja kitu kama hiki kwa hamu." Hakupandisha sauti. Aliushika mkono wake. "Ile dawa ulimpa kwa mkono wako, mbele ya watu mia mbili. Bwana shamba alikuambia usubiri, ukamcheka. Wakianza kuuliza ilitoka kwa nani, hawatataja jina langu. Mimi nilikuwa bungeni. Watataja lako."

Nje, waombolezaji walikuwa wanafika, na salamu zao zilisikika dirishani. Maximiliana alitamani kusimama akafungue mlango. Badala yake aliona aibu ya mambo mengi ikimshukia kwa pamoja, ya magunia, ya tume, ya vitenge vyote alivyovaa jukwaani, na aibu hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba ikamkalisha palepale. Saa kumi jioni alipelekwa kituoni. Maelezo yalikuwa yameshaandikwa. Yalisema marehemu alikuwa na ugomvi na mkewe, na kwamba alikunywa dawa ya pamba kwa hiari yake. Maximiliana Salu, dada wa marehemu, akatia sahihi.

Hakuwa amefikiri mbali zaidi ya karatasi ile. Karatasi ilifika Zagayu kabla yake. Katekista alikuja akavua kofia.

"Mama, mnisamehe. Aliyejitoa uhai siwezi kumwombea misa ya wafu bila ruhusa ya padri, na padri yuko safarini."

Wazee wa ukoo nao wakakaa. Baba yao mdogo, Kwandu, aliyekuwa msemaji wa nyumba, alisema mtu wa namna hiyo halazwi karibu na zizi pamoja na baba zake. Atazikwa mpakani mwa shamba, kwenye mkonge, na hakutakuwa na matanga. Ndivyo ilivyokuwa. Wanaume sita walichimba, wakashusha, wakafukia upesi, wakanawa mikono, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyelia kwa sauti, kwa sababu mtu kama huyo haliliwi. Boniventura alikuwa amesharudi Dodoma.

Milembe alikuwa amekaa mlangoni na watoto wake watatu. Wanawake wa ukoo walipita mbele yake bila kumsalimia, maana sasa ilijulikana nani aliyemsukuma Luhaga kwenye chupa. Maximiliana alimsogelea, akainama.

"Wifi," alisema.

Milembe aliinua macho. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imekwenda chini sana.

"Uliuona mgongo wake," alisema.

Akaingia ndani.

Mwezi wa pili ulipita, wa tatu ukaingia. Kijiji cha jirani, mwanamke alifua nguo za mumewe alizopulizia, jioni akaanguka. Wiki moja baada ya hapo, mtoto wa miaka minne alikunywa maji kwenye chupa nyeupe iliyosuuzwa. Kisha mzee mmoja, akiwa bado na bomba mgongoni. Kila msiba ulikuwa na maelezo yake: huyu alikuwa na kifafa, yule alirogwa, mzee alikuwa mzee tu. Maximiliana alizisikia habari hizo zikiletwa nyumbani kwake moja baada ya nyingine, na kila moja ilipofika alikwenda chumbani akakaa.

Sylvester, yule bwana shamba, alikuja Aprili, siku moja kabla ya kuondoka. Alikuwa amepewa uhamisho wa ghafla kwenda mkoa wa mbali. Hakukubali kukaa. Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, imelowa mafuta.

"Nimeenda kwenye bohari walikojazia zile chupa," alisema. "Mlinzi ni mtu wa kwetu. Mapipa bado yapo. Hii nimeibandua kwenye kifuniko."

Ilikuwa na fuvu la kichwa na maandishi ya kigeni. Sylvester akamsomea kwa kidole.

"Si ya pamba, mama. Ni ya kuulia kwelea kwelea, wale ndege wanaokula nafaka. Ile ya kumwagwa kwa eropleni kule kwenye mashamba ya mpunga, rubani amevaa kinyago. Imetengenezwa mwaka themanini na saba. Mali za mashirika ya umma zilipopigwa mnada, mtu aliinunua pamoja na mapipa matupu na misumari. Vizibo viwili vya hii kwenye bomba moja..." Hakumalizia.

"Mheshimiwa anajua?"

"Mimi sijui anajua nini, mama. Mimi nimeletewa barua ya uhamisho."

Pasaka Boniventura alikuja. Maximiliana alimngoja amalize chai, akaiweka ile karatasi mezani. Boniventura aliisoma, na Maximiliana aliona kwamba sehemu ya juu, yenye fuvu, ilimshtua na sehemu ya chini, yenye mwaka, haikumshtua.

"Nilijua ni ya zamani," alisema. "Waliniambia ni ya zamani lakini inafaa. Haya mengine sikuyajua. Naapa kwa kaburi la mama."

"Sasa unajua."

"Sasa nimeagiza iliyobaki ikusanywe."

"Imekusanywa?"

Boniventura alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake. "Mama Shukrani, Julai kuna kura za maoni za chama. Tukishapita hapo nitashughulika na kila kitu. Nitawajengea wale watoto wa Luhaga nyumba. Nikitikisika sasa, wote tunaanguka, na wewe ukiwa chini kabisa."

Kesho yake alipoondoka, Maximiliana alichukua pikapu akaenda kukusanya chupa mwenyewe. Alikwenda kijiji kwa kijiji kwa wiki mbili. Aliwaambia watu dawa imeharibika, waitoe. Wengi walikuwa wameshaimaliza. Wengine walimuuliza atawapa nini badala yake, na alipokosa jibu wakasema hawana. Mwanamke mmoja alimtolea chupa tupu iliyojaa mafuta ya taa. Mwishoni alipata chupa sitini na tatu kati ya mia nne. Alizifukia kwenye shimo refu nyuma ya nyumba, na kwa siku kadhaa hakuna kuku aliyesogea pale.

Alipokuwa anafukia shimo hilo ndipo alipoamua. Hakusali wala hakuota ndoto. Alichoka tu, kama mtu anavyochoka kubeba mtungi akautua.

Mkutano wa kura za maoni ulifanyika katikati ya Julai, ndani ya ukumbi, wajumbe zaidi ya mia tatu, feni mbili juu na moja haizunguki. Maximiliana alikuwa mjumbe kwa upande wa akina mama. Wagombea wengine wawili walishaongea kwa Kiswahili kigumu cha makaratasi. Boniventura aliongea wa mwisho, na alikuwa katika ubora wake. Ukumbi ulicheka mpaka wazee wakafuta macho. Msimamizi alipouliza kama kuna swali, Maximiliana alisimama kwenye safu ya tatu. Watu wakapiga makofi, wakidhani anataka kumpongeza mumewe.

Aliongea Kisukuma, kwa sababu kwa lugha hiyo hakujua kuzunguka. Alisema mdogo wake Luhaga hakujiua. Alisema dawa iliyogawiwa Januari ilikuwa sumu ya kuua ndege, kwamba imeua watu wanne anaowajua kwa majina, akayataja majina. Alisema aliigawa yeye kwa mkono wake, kwamba alionywa asigawe akagawa, na kwamba maelezo aliyotia sahihi kituoni ni uongo. Alisema mwaka wa tisini na saba aliona mahindi. Kisha akabaki amesimama.

Mtu mmoja nyuma alisema, "Mayo wee," na mwingine akacheka kwa woga.

Boniventura hakukasirika. Aliteremka jukwaani polepole, akaja mpaka safu ya tatu, akamwekea mkewe mkono begani mbele ya watu wote. Alipoongea sauti yake ilikuwa imevunjika kidogo, pale tu palipohitajika.

"Ndugu zangu, mnamjua Luhaga alikuwa nani kwa huyu mama. Alimlea kama mtoto wa tumbo lake. Tangu siku ile mke wangu halali. Hali chakula. Nilitaka kumpeleka Muhimbili, akakataa. Leo mmejionea wenyewe mzigo ninaoubeba nyumbani huku nikiwatumikia ninyi." Akainamisha kichwa. "Naomba tumwombee."

Wakasimama wakamwombea. Maximiliana alisimama katikati yao, mkono wa mumewe begani, wakati watu mia tatu walioinamisha vichwa wakiomba Mungu amrudishie akili. Akina mama wawili walimshika kwa upole wakamtoa nje, wakamnunulia soda. Boniventura alipata kura mia mbili na themanini na moja.

Ofa zilikuja. Watu wa upinzani walikuja na gari lenye vipaza sauti, wakamtaka apande nao jukwaani kila kata mpaka Oktoba. Waliahidi kumpa nyumba Mwanza. Maximiliana aliwauliza swali moja, kama wakishinda watazichimba zile chupa na kuzipeleka zinakostahili kupelekwa. Kijana aliyewaongoza alisema hilo litaangaliwa. Maximiliana akawaambia alishakaa jukwaani miaka ya kutosha.

Alirudi kituoni kubadili maelezo yake. Askari aliyempokea ndiye aliyeandika yale ya kwanza.

"Mama, uliapa Februari, unaapa tena Julai," alisema, akizungusha kalamu. "Kauli moja kati ya hizi mbili ni kosa la jinai. Wewe unataka ipi?"

"Ya Februari."

Aliwekwa mahabusu siku kumi na moja kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Binti yao, Shukrani, aliyekuwa chuoni Dar es Salaam, alipanda basi siku mbili, akaja akalia kwenye nondo, akamwambia, "Mama, kwa nini hukukaa kimya tu?" Maximiliana akamuuliza kama amekula. Siku ya kumi na mbili faili halikuonekana, akaambiwa aende nyumbani. Nyumbani Bariadi alikuta kufuli jipya getini na sanduku lake la nguo kwa jirani.

Akaenda Zagayu. Alimkuta Milembe peke yake na watoto, maana ukoo ulikuwa umemtenga, na ng'ombe wawili wa Luhaga walikuwa wamechukuliwa na Kwandu. Maximiliana alisimama uani na sanduku kichwani.

"Nimesema kweli," alisema. "Mbele ya watu."

"Nimesikia," alisema Milembe. "Nimesikia pia kwamba wewe ni kichaa." Aliendelea kupepeta mtama. "Kile kibanda cha nyuma kinavuja."

Ndivyo alivyopata mahali pa kulala.

Padri alikuja Agosti. Maximiliana alikuwa ameenda kwake kwa miguu, akaungama, na baada ya maungamo akamwambia yale yale nje ya maungamo ili aweze kuyatumia. Padri alikuwa mzee mwenye miguu mibovu. Alitembea mpaka mpakani mwa shamba, kwenye mkonge, akaweka meza ndogo, akaadhimisha misa ya wafu kwa ajili ya Luhaga miezi sita baada ya kuzikwa. Katekista alikuja, akaimba huku ametazama chini. Waumini walikuwa kumi na mmoja. Kwandu hakuja, wala wazee. Watoto wa Luhaga waliweka maua ya porini. Padri alipotaja jina la marehemu, Milembe alipiga ukelele, ule aliozuiwa kuutoa Februari. Ulikwenda mbali juu ya mashamba na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Oktoba Boniventura alichaguliwa tena. Novemba, baraza jipya lilipotangazwa, alikuwa waziri kamili. Habari hizo Zagayu zilisikika kwa redio ya mwenye duka, na jioni ileile wanawake wawili walipita uani wakasema, "Hongera, mama waziri," na haikujulikana kama wanadhihaki. Watu walikuwa wamepata namna ya kuishi na jambo lile. Hawakusema Maximiliana ni mwongo. Walisema tu mambo ya wakubwa ni ya wakubwa, na kwamba misiba ipo kila mwaka.

Mvua za kwanza zilipokawia, mwenyekiti wa kijiji alikuja na wazee wanne, Kwandu akiwa mmoja wao. Walikaa, wakasalimia vizuri, wakamwita Ng'wana Salu, mtoto wa Salu, kama zamani.

"Tuna shida ya maji," alisema mwenyekiti. "Tunakunywa pamoja na ng'ombe, unaona mwenyewe. Mheshimiwa sasa ana wizara. Akitaka, wiki moja kisima kimechimbwa. Tumeandika barua. Tunaomba uipeleke wewe. Mkipatana mambo yatakwisha."

Maximiliana aliitazama ile barua. Ilikuwa imeandikwa vizuri na mwalimu, ina mhuri.

"Siwezi kuipeleka," alisema.

"Ni maji, siyo siasa," alisema Kwandu. "Kwa sababu ya kinyongo chako watoto wafe kwa kuhara?"

Alijua kwamba alichosema Kwandu hakikuwa upuuzi. Watoto walikuwa wakifa kwa kuhara. Alijua pia jinsi itakavyokuwa: gari litakuja, yeye atavaa kitenge, atasimama upande wa kushoto, maji yatatoka bombani na watu watapiga makofi, na Luhaga atakuwa amejiua tena.

"Siwezi, baba," alirudia. "Nisameheni."

Walisimama. Kwandu alitema mate chini, na mwenyekiti akaikunja barua kwa uangalifu ili isichafuke. Hawakuaga.

Milembe alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Mwaka ule alikuwa amekataa kupanda pamba. Alikuwa amepata mbegu za mtama na marando ya viazi vitamu, na watu walimshangaa, mjane asiye na ng'ombe kuachana na zao pekee linalonunuliwa. Alitoka na majembe mawili, akalisimamisha moja mbele ya wifi yake.

"Wataipeleka wenyewe," alisema. "Njia wanaijua."

Kesho yake kulipopambazuka walianza kutifua upande wa chini wa shamba, ule usioguswa na dawa. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu kama tofali, na jembe la Maximiliana liliruka. Hakuwa ameshika jembe kwa miaka ishirini. Kufika saa tatu viganja vyake vilikuwa vimepasuka. Milembe aliviona, akasema wamalize kwanza mstari ule.

Wakaumaliza.